Simu imekataa laini yako? Namna ya kuikagua, kuifungua na kudai hela yako ukiwa Moshi au Arusha

Mwaka jana mwezi wa pili mdogo wangu alishuka mlimani na iPhone. Ni mpagazi, walipanda na wageni kwa njia ya Machame siku sita, sasa pale geti la Mweka wakati wa kugawa tipu mama mmoja wa Kimarekani akamshika mkono akampa simu, akamwambia chukua, nyumbani ninayo nyingine. Dogo alinipigia kwa simu ya mwenzake wakiwa kwenye gari wanarudi mjini, alikuwa anaongea kama mtu aliyepata kiwanja. Jioni tukakaa nyumbani Pasua, nikafungua trei kwa hereni ya shemeji, nikaweka laini yake, tukasubiri. Ikaandika "SIM Not Supported". Tukaweka ya kwangu ya mtandao mwingine, vilevile. Tukazima tukawasha, vilevile.

Kesho yake akaenda kwa fundi stendi, akarudi inasoma na elfu arobaini imetoka mfukoni. Wiki ya tatu simu ikajiapdeti usiku ikiwa kwenye wifi, asubuhi mtandao hamna tena. Ilikuja kufunguka bure kabisa, na aliyeifungua ni yuleyule mama akiwa kwake Marekani, alijaza fomu kwenye tovuti ya kampuni yake ya simu na siku mbili baadae ikawa tayari. Kwaiyo ile elfu arobaini iliondoka bure, na kila msimu wa mlima naona vijana wengine wanaitoa tena, na dukani Arusha naona watu wazima wanatoa laki nne kwa simu ambayo haitapokea laini yao. Inaniuma kweli, ndo maana nimekaa kuandika hii yote.

Kitu kimoja ukishakielewa mengine yote yanakuwa rahisi: hii loku, yaani simu kufungwa isikubali laini za mitandao mingine, ni uamuzi ulioko kwenye rekodi za kampuni iliyoiuza simu. Anayeweza kuifuta moja kwa moja ni ile kampuni, na mtu ambaye ile kampuni inamsikiliza ni yule aliyeinunua kwao. Fundi wa hapa hata awe mzuri namna gani hayupo kwenye hiyo orodha.

Kwanza jua ni loku gani

Watu wanachanganya loku nne tofauti na kila moja ina dawa yake. Kuna loku ya mtandao, hii ninayoiongelea, simu inawaka, unaingia, kamera inapiga, wifi inashika, ila laini inakataliwa. Kuna loku ya akaunti, simu inadai Apple ID au akaunti ya Google ya mtu mwingine, hapo hata uweke laini gani hufiki popote. Kuna simu ya mkopo, zile za lipa kidogokidogo, ikikosa malipo inajifunga kioo chote, na hiyo ukiinunua mkononi kwa mtu umenunua deni lake. Na kuna simu iliyoripotiwa imepotea au kuibiwa, imei yake, yaani ile namba ya utambulisho wa simu yenyewe, imefungiwa kwenye mitandao. Kuriseti simu hakuondoi hata moja kati ya hizi nne, akikwambia mtu "ngoja niiriseti itakaa sawa" kwa loku ya mtandao anakupotezea muda, na picha zako zinaondoka.

Loku ya mtandao inafanyaje kazi? Kila laini ina namba yake ya ndani, siyo ile ya 07 unayompa mtu, hii ni ndefu zaidi, na tarakimu zake za mwanzo zinataja nchi na mtandao. Tanzania ni 640, halafu Vodacom ni 04, Airtel ni 05. AT&T ya Marekani ni 310 410. Ukiweka laini simu inasoma hizo tarakimu kabla ya kujiunga na mtandao, inalinganisha na orodha iliyowekewa, kama vile askari wa hifadhi pale geti la Machame anavyoangalia kibali, jina halimo hupandi hata ubembeleze. Simu ya huyo mama ilikuwa inaruhusu 310 410 peke yake, ikaona 640, ikafunga mlango.

Kwa nini wanafunga? Kule kampuni ya simu inampa mteja simu ya bei kubwa anailipa kwa miezi, mara nyingi miaka miwili au mitatu, kwaiyo wanaifunga ili asihame nayo kabla ya kumaliza. Hata hapa kwetu tumeyaona, modemu za kuchomeka kwenye kompyuta zilizokuwa zinauzwa na mitandao nyingi zilikuwa zinasoma laini ya mtandao mmoja tu. Kampuni kulinda hela yake mi sina shida nako. Shida ipo pale simu imeshalipwa yote, mwenyewe ameigawa au ameiuza, loku bado ipo, alafu mtu wa mwisho kwenye mnyororo, ambaye yupo Kiborloni au Ngarenaro, ndo anayebeba hasara.

Hatua ya 1: jaribu kwa laini zako, siyo za muuzaji

Ukienda kununua simu ya mtumba nenda na laini mbili za mitandao tofauti na pini ya kufungulia trei. Kama una laini moja azima ya ndugu. Usikubali kabisa kujaribiwa kwa laini ambayo tayari iko ndani ya simu, nitakwambia kwa nini hapo chini.

Weka laini ya kwanza, subiri jina la mtandao litokee, piga 100 usikie, mtumie mtu meseji aijibu, washa data zima wifi ufungue ukurasa wowote, halafu piga menyu ya pesa, *150*00# kwa M-Pesa au *150*60# kwa Airtel Money, maana kwetu simu isiyofungua menyu ya pesa haijakamilika. Kisha toa weka ya pili urudie. Dakika kumi zinatosha. Muuzaji akianza kusema una usumbufu, wateja wengine wanasubiri, we mwambie wahudumie tu mi nakaa hapa pembeni. Akikataa kabisa ondoka, maduka ya simu mjini Arusha hayahesabiki.

iPhone nyingine zilizouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 hazina trei kabisa, zinatumia eSIM tu, yaani laini inayowekwa ndani ya simu bila kadi. Hapo laini yako ya plastiki haina pa kuingia, na watu wameshanunua wakagundua nyumbani. Kama ni hiyo mwambie muuzaji twende wote mpaka duka la mtandao wako wakuwekee eSIM hapohapo, ikishika ndo unalipa.

Hatua ya 2: chungulia trei

Hapa naomba usome taratibu. Vuta trei, toa laini, igeuze uangalie upande wa dhahabu. Laini ya kawaida ni kipande kimoja cha plastiki. Ukikuta kuna karatasi nyembamba sana, ya njano au ya kahawia, kama ganda la kitunguu, ina vidoa vya shaba na maandishi madogo, imelala kati ya laini na trei, hiyo ndo chipu. Mafundi wengine wanaiita R-SIM, wengine turbo. Kazi yake ni kuidanganya simu, inakaa katikati na kuiambia kwamba laini iliyopo ni ya mtandao wa kule. Simu bado imefungwa vilevile, imedanganywa tu.

Simu ya dogo ilikuwa na hiyo. Inafanya kazi mpaka siku simu inaapdeti au unaposafiri au unapobadili laini, halafu inakataa, na fundi anakuuzia chipu nyingine mpya. Hata ikiwa inafanya kazi inasumbua, mtandao unakatika, chaji inaisha haraka. Na ndo maana nimesema usijaribiwe kwa laini iliyoko ndani, kwa sababu muuzaji anaacha chipu humo, unaona mtandao umejaa, unalipa, unaenda nyumbani, unatoa laini yake unaweka yako moja kwa moja, imekwisha. Toa kila kilichomo kwenye trei, bakiza trei tupu, weka laini yako peke yake.

Simu yenye chipu siyo lazima uiache, kama bei inaendana na hiyo hali na we umekubali ni sawa. Kinachokera ni kuuziwa kwa bei ya simu iliyo wazi.

Hatua ya 3: isome simu yenyewe

Kwa iPhone ingia Settings, General, About, shuka chini mpaka palipoandikwa Carrier Lock. Ikisema "No SIM restrictions" ipo wazi. Ikisema "SIM locked" imefungwa, na itaendelea kusema hivyo hata kama kuna chipu ndani na mtandao umejaa. Hapo maneno ya muuzaji hayana kazi tena. Kwa simu za Android nyingi hakuna sehemu rahisi namna hiyo, ila simu iliyofungwa ukiiwekea laini ngeni inakudai kodi, yaani tarakimu za siri za kufungulia mtandao. Usianze kubahatisha tarakimu. Nafasi za kukosea zinahesabika, zikiisha simu inagoma hata kodi sahihi.

Hatua ya 4: imei

Piga *#06#, zitatokea tarakimu 15. Linganisha na zilizoandikwa kwenye boksi kama lipo na kwenye setingi, zote ziwe sawa. Alafu itume hiyo namba kwa meseji kwenda 15090, ni huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, utajibiwa hiyo imei ni ya simu gani. Ikijibu modeli tofauti na uliyoshika mkononi, rudisha simu mezani. Tangu Juni 2016 walipozima simu feki nchi nzima hii namba ipo, na bado watu hawaitumii.

Na akija fundi anakwambia atabadilisha imei ili simu ifunguke, kataa. Kubadili imei ni kosa kwenye Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na kesi yake siyo ya faini ya barabarani.

Hatua ya 5: maneno yawe kwenye maandishi

Hii nimejifunza kwa hela yangu. Nilinunua Samsung ya mtumba duka moja Arusha mjini, jina siliweki, laki tatu na themanini. Kabla sijatoka Moshi nilikuwa nimemuuliza kijana wa duka kwa WhatsApp, "hiyo simu inatumia laini za hapa zote? nataka kuweka Airtel na Halotel", akajibu "zote kaka, haina loku". Nikafika, nikajaribu Airtel, ikakubali, nikalipa, nikawahi gari. Halotel sikujaribu, nilikuwa na haraka. Nyumbani naweka Halotel inadai kodi. Narudi kwenye Airtel, nayo inadai kodi, kumbe pale dukani kulikuwa na kale kachipu, nilikatoa bila kujua wakati nabadilisha laini, kakadondoka sakafuni, nikaja kukaona wakati nafagia.

Kesho yake nikarudi Arusha. Kijana akasema kaka hapa mali ikishatoka hairudi, ona kibao kile. Sikugombana nae. Nikamwambia yule kijana sawa, naomba uniandikie hayo maneno kwenye karatasi, kwamba uliniuzia simu iliyofungwa na hupokei, uweke tarehe na mhuri wa duka. Akanyamaza. Nikamuonyesha yale mazungumzo ya WhatsApp, nikamuonyesha video ya kioo kinavyodai kodi. Akampigia mwenye duka, mama mmoja mtu mzima, nikaongea nae mwenyewe, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamweleza. Akasema mpe nyingine ajaribu mpaka aridhike. Nikakaa pale saa nzima na laini zangu mbili.

Kilichonisaidia ni ile sentensi ya WhatsApp. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa lazima ifanane na maelezo iliyouzwa nayo, na kama mnunuzi amemwambia muuzaji anaitaka kwa kazi gani na anategemea ujuzi wake, bidhaa iifae hiyo kazi. Kwaiyo usiulize "simu nzima?" Uliza hivi, kwa maandishi: nataka simu itakayotumia laini za mitandao ya hapa bila chipu, je hii inatumia? Jibu lake ndo maelezo ya bidhaa. Kibao cha mali ikishauzwa hairudishwi hakimpi mtu ruhusa ya kukueleza uongo.

Na risiti. Dai ya EFD, isome kabla hujatoka, iwe na jina la simu, siyo "simu 1". Mwombe aandike imei nyuma kwa kalamu na neno "haina loku ya mtandao" asaini. Anayekataa kuandika hilo neno ameshakujibu.

Kama simu umepewa na mgeni

Hapa naongea na wapagazi, waongoza watalii, wapishi, madereva wa safari, wadada wa hoteli. Simu ya zawadi huwezi kumdai mtu, kwaiyo kila kitu kinategemea dakika chache kabla mgeni hajaondoka KIA. Usione aibu kumuomba, wageni wengi hata hawajui kama simu zao zimefungwa, wakiambiwa wanasaidia kwa moyo wote.

Muulize kama ameshamaliza kuilipia. Hili ndo swali kubwa. Kama bado anadaiwa, kampuni yake haitaifungua mpaka amalize, bora ujue mapema. Muombe atoe Apple ID yake au akaunti ya Google mbele yako, aizime ile huduma ya kutafuta simu, alafu aifute yote iwake kama mpya. Akiwa ameshaondoka bado anaweza kuiondoa kwenye akaunti yake akiwa huko kwa kuingia iCloud, ila pale getini ni rahisi zaidi.

Muombe akuandikie kikaratasi: jina lake, tarehe, modeli ya simu, imei, na kwamba amekupa zawadi. Kipige picha hicho kikaratasi na uitume kwa kiongozi wako wa safari. Kijana wa Kitanzania mwenye simu ya milioni na nusu anaulizwa maswali ambayo wengine hawaulizwi, na kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, kwaiyo usikae bila hiyo karatasi hata kama ulipewa mbele ya watu kumi.

Alafu chukua WhatsApp au email yake, umtumie imei, umuombe aombe ifunguliwe. Kila kampuni kubwa ya Marekani ina utaratibu. AT&T wana fomu kwenye tovuti yao, wanataka simu iwe imelipwa yote, imetumika kwao angalau siku 60, na isiwe imeripotiwa imepotea au kuibiwa. T-Mobile kwa mteja wa mkataba wanataka siku 40 na iwe imelipwa. Ni bure. Kampuni ikituma email ya kuthibitisha mwambie aifungue haraka kwa sababu hizo linki zina muda wake, yule mama wa Kimarekani aliyempa dogo simu, linki ya kwanza ilimpita akiwa kazini ikabidi ajaze upya.

Mgeni akisita akidhani ni jambo la ujanja, mwambie nchini kwao kuna sheria. Mwanzoni mwa 2013 kufungua simu mpya bila ruhusa ya kampuni kulikuwa kosa Marekani, watu zaidi ya 114,000 wakasaini ombi kwa Ikulu yao, na tarehe 1 Agosti 2014 Rais Obama akasaini sheria inayomruhusu mwenye simu kuifungua au kumtuma mtu amfungulie. Naupenda huu mfano kwa sababu ni watu wa kawaida walioandika majina yao.

Simu imetoka nchi gani inakwambia mengi

Canada walipiga marufuku kuuza simu zilizofungwa kuanzia tarehe 1 Desemba 2017. Uingereza, kupitia mamlaka yao Ofcom, kuanzia 17 Desemba 2021. Japani kuanzia Oktoba 2021. Kwaiyo simu mpya ya Uingereza ya baada ya hapo hatari yake ni ndogo, ya zamani zaidi ndo uikague kwa macho mawili. Ya Marekani ikague siku zote. Hapa kwetu simu mpya za madukani nyingi zina nafasi ya laini mbili na zipo wazi, ndo maana wengi hawajui hii habari mpaka iwakute.

Kuhama mtandao na namba yako, ile ya kutuma HAMA kwenda 15080 iliyoanza Machi 2017, ni kitu kingine. Inahamisha namba. Haifungui simu.

Kuhusu "tunafungua kwa imei, lipia hapa"

Utaona matangazo, tuma imei na hela, simu inafunguka ndani ya masaa 24. Wengine ni matapeli, hela ikienda wanakublock. Wengine kweli wanafungua ila njia wanazotumia siyo safi. Kuna kesi kubwa ilihukumiwa Seattle Septemba 2021, mtu mmoja alipewa miaka 12 kwa kuwahonga wafanyakazi wa AT&T wafungue simu zaidi ya milioni 1.9, hasara kwa kampuni zaidi ya dola milioni 200. Simu iliyofunguliwa kwa mlango wa nyuma inaweza kufungwa tena siku kampuni ikigundua, na hapo huna wa kumlilia.

Fundi mwaminifu atakwambia hivi: leta imei, nitaangalia imetoka kampuni gani, alafu tumtafute mwenyewe. Nawajua wa namna hiyo, wapo Moshi wapo Arusha, mlipe kwa hiyo kazi ya kuangalia, anastahili.

Umeshanunua na imefungwa: ngazi za kupanda

Rudi kwa muuzaji haraka, siku ileile au kesho yake, maana ukikaa nayo mwezi atasema umeiharibu wewe. Usimpe fundi kwanza, usiapdeti, usiifungue kifuniko. Piga video moja isiyokatika: imei kwenye kioo, laini ikiingia, ujumbe wa kukataa. Nenda na mtu mwingine. Sema unachotaka kwa sentensi moja, ubadilishiwe au urudishiwe hela, usianze na matusi.

Akikataa mwandikie barua fupi, tarehe uliyonunua, bei, imei, alichokwambia, kilichotokea, unachotaka, siku saba. Baki na nakala aliyosaini kupokea, au mpigie picha akiwa anaipokea. Nusu ya mambo yanaishia hapa, kwa sababu barua inaonekana kama unajua unapoelekea.

Unapoelekea kunategemea nani alikuuzia. Kama ni duka la kawaida, kuna Tume ya Ushindani, FCC, ambayo Sheria ya Ushindani ya 2003 inaipa kazi ya kushughulikia wanaouza kwa maelezo ya uongo. Na kwa hela ya simu kuna Mahakama ya Mwanzo, inasikiliza madai ya namna hii, beba risiti, nakala ya barua, zile skrinshoti zimechapishwa, na yule shahidi wako. Kama simu au rauta uliuziwa na kampuni ya mtandao yenyewe, anza huduma kwa wateja, dai namba ya lalamiko uiandike, wasipokutatulia peleka TCRA, wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapo Arusha huna haja ya kwenda Dar, na kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano ambalo kazi yake ni kusimama upande wako.

Ila kama muuzaji alikwambia wazi imefungwa akakupunguzia bei na ukakubali, hapo huna dai.

Ikishafunguka

Kampuni ikituma jibu kwamba imekubali, toa chipu kama ilikuwepo, unganisha wifi, weka laini yako, zima washa. Mara nyingi inatosha. Isiposhika, hifadhi picha zako kwanza alafu uiriseti yote uianzishe upya na laini ikiwa ndani. Rudi kwenye Carrier Lock usome kwa macho yako. Data ikikataa wakati kupiga kunakubali, tatizo siyo loku tena, ni setingi za intaneti, piga 100 wakutumie.

Hifadhi lile jibu la kampuni, kile kikaratasi cha zawadi na skrinshoti ya "No SIM restrictions", ziwe sehemu nyingine nje ya hiyo simu, siku ukiiuza mnunuzi atakuuliza haya yote na utakuwa na cha kumuonyesha. Za dogo zipo kwenye simu ya mama yetu, maana dogo mwenyewe yupo mlimani na wageni wengine mpaka Jumamosi.